Tandiko la Wawili

Tandiko la dresaji, mchezo wa kumwendesha farasi kwa hatua zilizopimwa, hushonwa kwa ajili ya viumbe wawili, na mmoja wao hana kauli. Mpandaji akibanwa paja hulalamika papo hapo. Malalamiko ya farasi huja baadaye, kwa mvi zinazoota pale ngozi ilipogandamizwa. Wenye punda wa Lamu wanaijua habari hii kwa sogi.

Fundi mwema, huko Walsall, mji wa Uingereza uliojipatia jina kwa matandiko, huanza na mgongo wa mnyama. Kiunzi chembamba hubana mabega. Kipana mno hushuka kikaulalia uti. Kwa nyuma, tandiko lisivuke ubavu wa 18, ndio wa mwisho. Hapo ndipo penye ugomvi: mtu mwenye nyonga pana ataka kiti kirefu, na farasi wake ni mfupi wa mgongo. Sufu huongezwa na kupunguzwa, lakini hairefushi mgongo. Wengi hujinunulia kiti chao, kisha humtafutia mnyama kitambaa cha kumfariji. Huruma iliyochelewa hiyo. Naye farasi habaki alivyo. Akijaa misuli, tandiko la mwaka jana humbana, na fundi huitwa tena.