Trela, Betri na Ndoa: Usiku Wetu Saadani

Kuna wanaopimana mapenzi kwa maua na chokoleti. Mimi na shemeji yenu tulipimwa na betri.

Mwaka jana tuliamua kupumzika mambo ya hoteli. Fundi wa kuchomelea akatutengenezea trela dogo la matairi mawili: ndani godoro, nyuma jiko la gesi. Safari ya kwanza tukapitia Bagamoyo hadi Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, pale ambapo pori linakutana na Bahari ya Hindi. Unaamka, unakuta nyayo za wanyama mchangani. Raha iliyoje!

Tatizo likawa umeme. Nilishamwambia mapema, "Mume wangu, trela linataka betri yake." Akanijibu, "Mke wangu, gari lina betri, ya pili ya nini?" Akavuta waya kutoka kwenye gari, akaunganisha taa na kifriji chetu. Usiku tukala samaki, muziki ukapiga, mambo safi kabisa.

Asubuhi akageuza ufunguo: tik! Kimya. Simu nazo hazishiki mtandao. Tukakaa masaa manne, kila mtu kaangalia upande wake, hadi askari wa hifadhi walipopita wakatubusti. Kilichoniuma wala si gari. Nilisema, nikapuuzwa.

Tuliporudi Dar tukakaa mezani na karatasi, kama watu wanaopanga bajeti ya harusi. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya usiku kucha, unaiua. Trela linataka betri ya sola, inayotoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Hata hiyo, kama ni ya risasi na asidi, usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo betri ya Ah 100 ina Ah 50 tu za kutumia.

Tukapiga hesabu. Taa nne za LED, wati 3 kila moja, kwa saa tano: Ah 5 tu kwenye volti 12. Kifriji cha wati 45, kikizunguka nusu ya siku: Ah 45. Zote 50 zimekwisha! Nami nilikuwa nimemnunia baba wa watu kwa kuacha taa zikiwaka, kumbe mlaji ni friji. Na friji niliyoidai nani? Mimi, kwa ajili ya soda zangu baridi. Nikanywea.

"Basi tumekosa wote," akasema. Siku hiyo ndipo tulipopatana kwelikweli.

Kariakoo tukanunua betri, paneli ya wati 200, chaja kontrola ya kukaa kati yake na betri, na fyuzi. Fyuzi fundi aliifunga karibu kabisa na ncha chanya ya betri, ili waya zikigusana zisiwashe moto. Taa tulichagua za njano, haziiti wadudu kama nyeupe, na swichi iko kichwani mwa kitanda.

Tuliporudi Saadani, taa ya nje tuliizima mapema. Ufukwe wa Madete, ndani ya hifadhi, kasa hupanda kutaga mayai. Watoto wao wakianguliwa usiku huufuata mwanga wa baharini, na taa zetu huwapoteza njia. Tukakaa gizani tukisikiliza mawimbi.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, akaniuliza, "Mita inasemaje?" Nikamwambia, "Volti kumi na mbili na nusu." Akanimiminia chai bila kuombwa.

Mpenzi msomaji, mkitaka kwenda porini wawili, kaeni kwanza na kalamu: kinachoingia, kinachotoka. Na mwenzio akikwambia betri haitoshi, msikilize kabla hamjatoka nyumbani.