Mbu wa mjomba na lenzi ya mishahara miwili

Leo nataka kuungama. Nimenunua lenzi. Siyo lenzi ya kupigia mechi wala ya kupigia waheshimiwa wakikata utepe, maana hizo ofisini zipo, ukizipanga foleni utazipata. Hii ni lenzi ya kupigia wadudu. Imekula mishahara yangu miwili na chenji juu yake, na kama mwenye nyumba wangu anasoma hapa, mzee, shikamoo, kodi inakuja.

Mnaonijua mtashangaa. Mimi ni mtu wa kuandika. Kamera nilinunua kwa mtu baada ya kumaliza chuo, ya zamani kidogo, Canon yenye kihisio kidogo, pamoja na lenzi yake ya 18-55 inayokuja kwenye boksi. Ilinitosha kwa habari zote nilizotumwa. Haikunitosha siku moja tu, na siku hiyo nilikuwa Kitaya.

Kitaya ni kijiji cha Mtwara kilicho kando ya mto Ruvuma. Ng'ambo unayoiona ni Msumbiji. Mjomba wangu, kaka wa mama, ana mikorosho huko. Kwetu sisi Wamakonde mjomba si mtu wa salamu za Idi peke yake. Jambo kubwa la ukoo haliendi bila neno lake, na yeye na mimi tunaitana jina hilohilo, mjomba kwa mjomba. Julai mwaka jana akanipigia simu.

"Mjomba, maua yanaungua."

Nikamuuliza kama ameshapiga salfa. Akasema ameshapiga mara mbili, na ya tatu anaitafutia hela.

Kwa wasiotoka kusini nieleze kidogo. Adui mkubwa wa korosho anaitwa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaokaa kwenye maua na majani machanga kama mtu amemwagia unga. Uligundulika Tanzania mwaka 1979, wakati zao lenyewe lilikuwa limeshayumba kwa sababu nyingine, bei mbovu na watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000. Kufika 1986/87 hata 20,000 hazikufika. Salfa ndiyo iliyosaidia kuinua tena mikorosho, kwa hiyo wazee wa kule wanaiamini salfa kama sisi tunavyoamini panadol. Ua likiharibika, piga salfa.

Sasa maua ya mjomba hayakuwa na unga. Yalikuwa yanakauka na kuwa meusi, vikonyo vina madoa kama mtu amevichoma na sigara. Mwenyewe alikuwa na wasiwasi kwamba ni mbu wa mikorosho, kidudu kinachofyonza utomvu wa machipukizi na vishada vya maua. (Si mbu huyu wetu wa malaria, ni jina tu.) Na hapa ndipo penye pesa: salfa inaua ukungu, haimgusi mbu. Kama ni mbu unatakiwa upige dawa ya wadudu. Ukikosea, umemwaga hela chini na maua yanaendelea kuungua. Jirani zake walikuwa wamegawanyika, wengi wakisema huo ni ubwiriunga wa namna nyingine, piga tu.

Nikamwambia bosi wangu nitaleta makala yenye picha, nikapanda basi.

Niseme na hili. Oktoba 2020 Kitaya ilivamiwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka ng'ambo, watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Kijiji kilichopitia hayo hakimwangalii mgeni mwenye kamera kama unavyoangaliwa Posta. Kwa hiyo kabla ya shamba mjomba alinipeleka kwa mtendaji, nikajieleza mimi ni mtoto wa nani na nimekuja kupiga picha ya nini. "Mdudu?" Mdudu. Akacheka, akaniruhusu.

Mbu tulimwona asubuhi na mapema. Ni mwembamba, miguu mirefu, hafiki sentimita moja. Nikasogeza kamera... bwana we, ile lenzi ilikataa. Chini ya sentimita 25 kutoka kwenye kihisio haisomi kitu, na pale mwisho wake inakupa ukubwa wa kama theluthi moja tu. Yaani mdudu wa milimita 7 anaangukia kwenye kihisio akiwa na milimita mbili na kitu, wakati kihisio chenyewe kina upana wa milimita 22. Moja ya kumi ya picha! Changanya na upepo wa kusi unaoyumbisha tawi. Nilipiga picha mia moja na zaidi. Bosi alipoziona aliuliza swali moja: "Hii ni nini, punje ya mchele?"

Makala ilitoka bila picha na bila jibu. Mjomba alipiga salfa ya tatu. Msimu ule alipata magunia manane kwenye shamba lililozoea kutoa ishirini.

Hiyo nane imenikaa kichwani mwaka mzima. Si kwamba picha ingeokoa magunia yote kumi na mawili, lakini kuna kitu kimoja ambacho ningekionyesha kingemaliza ubishi: jamaa huyu mgongoni ana kijiti kimesimama wima chenye kichwa juu, kama pini ya fundi cherehani. Ukikiona hicho na miguu ile mirefu, huna haja ya kubishana. Kwa macho ya mzee wa miaka sitini na kitu hakionekani. Kwa lenzi yangu ya boksi nayo hakikuonekana.

Basi nikaanza kutafuta. Nilianza na njia ya masikini, kama mnavyonifahamu. Kuna pete za kurefusha, yaani mirija mitupu isiyo na kioo ndani, unaiweka kati ya kamera na lenzi. Lenzi ikisogea mbali na kihisio, kitu kinakuzwa. Nikapata seti ya bei ya chee Kariakoo, nikaifunga kwenye lenzi ya 50 ya kuazima. Kweli inakuza! Lakini zile za bei ya chee hazina vile vidoti vya umeme, na lenzi za Canon hufungua na kufunga tundu lake kwa umeme. Bila vidoti tundu linabaki wazi kabisa, na lililo wazi kabisa kwa umbali ule linakupa jicho la mdudu tu, pua imeshapotea. Kuna ujanja wa kushikilia kile kitufe cha kuonjea tundu kisha unachomoa lenzi hivyohivyo ili ligande lilipo. Unafanya kazi, ila kila ukitaka kubadilisha unafungua kamera, na vumbi la Dar es Salaam linaingia bila hodi.

Kwenye nyumba ninayopanga kuna mwembe wenye majimoto. Nikaamua ndio watakuwa wanafunzi wangu, na uamuzi huo ndio ulionifundisha zaidi ya maduka yote. Majimoto wanashona majani kuwa nyumba. Mmoja anamshika kiluwiluwi wa kwao mdomoni, anamtumia kama gundi, uzi unatoka kwa mtoto. Nilitaka picha hiyo. Kwa pete zile ilibidi kioo kiwe vidole vitatu hivi kutoka kwenye jani. Unajua jimoto akikuona vidole vitatu kutoka nyumbani kwake anafanya nini? Alipita kwenye lenzi, akapita kwenye mkono, wenzake wakamfuata. Nilirudi ndani nikiwa nimevua shati, mtoto wa jirani anapiga makofi.

Pale ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nauliza swali lisilo lenyewe. Nilikuwa nauliza ipi inakuza zaidi. Lenzi za makro halisi karibu zote zinafika mahali pamoja, moja kwa moja, mdudu wa milimita 7 anakuwa milimita 7 kwenye kihisio, theluthi nzima ya picha yangu. Iwe ya 40, ya 60 au ya 100, ukubwa ni uleule. Kinachotofautiana ni wewe umesimama wapi.

Ile ya Nikon ya 40, kwa mfano (wao makro zao wanaziandika Micro, usichanganyikiwe), ni nzuri na bei yake ina huruma, lakini kwenye ukubwa kamili kioo kinabaki kama sentimita tatu na nusu kutoka kwa mdudu. Kivuli cha lenzi yenyewe kinamfunika. Simu zetu hizi zenye makro nazo ni hivyohivyo, nyingi hutumia ile lenzi pana na inabidi uibandike karibu ya kumgusa. Kwa ua la waridi haina neno. Mbu wa mikorosho haya hayataki: ukimkaribia anazunguka nyuma ya tawi kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.

Zikabaki mbili. Canon ya 60, iliyotoka mwaka 2005, nilimwazima mshkaji anayepiga harusi, yeye huitumia kwa pete za maharusi. Nyepesi, gramu 335, inakaa mfukoni, na inakuacha kama sentimita 9 kutoka kwa mdudu. Niliipenda, nisiwafiche. Bei yake ya mkononi ilikuwa nusu ya ile nyingine. Halafu ile ya 100 yenye ukanda mwekundu, ya mwaka 2009, inakuacha kama sentimita 13, na ina kifaa ndani cha kutuliza mtikisiko wa mkono. (Msidanganyike na tangazo, ukisogea hadi ukubwa kamili utulivu ule unapungua sana, na upepo hautulizwi na lenzi yoyote.) Juu yake kuna ya 180, inakupa sentimita 24 za heshima, lakini ina zaidi ya kilo moja na bei yake ni ya watu wenye viwanja.

Tisa au kumi na tatu. Vidole viwili hivi vya tofauti, kwa karibu mshahara mzima. Mshkaji wa harusi aliniona mwendawazimu, pete haikimbii wala haiumi. Nililala nalo wiki mbili. Kilichoamua ni mwembe: nilizipeleka zote mbili kwa majimoto asubuhi moja, ya mia nayo nikiwa nimeiazima. Kwenye tisa waliinua vichwa, wakafungua taya, wakaja. Kwenye kumi na tatu waliendelea kushona.

Nikanunua ya mia, ya mkononi, yenye mkwaruzo ubavuni ambao nautetea kila siku.

Julai hii nikarudi Kitaya. Tulianza alfajiri kabla kusi haijaamka, tawi nimelibana na vibanio vya kuanikia nguo kwenye kijiti nilichochomeka ardhini. Mwanga nao ni tatizo lake, maana ukisogea hadi ukubwa kamili lenzi ya makro inapokea kama robo tu ya mwanga wake, kwa hiyo flashi lazima, na flashi tupu inamfanya mdudu ang'ae kama sufuria. Zamani ningefunika na mfuko wa rambo, lakini rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, basi nikakata kipande cha dumu jeupe, kikafanya kazi vizuri kuliko cha dukani. Tundu nililibana hadi 11. Hata hapo kinachoonekana kikali ni chini ya milimita moja, kwa hiyo unaacha kuzungusha pete ya fokasi, unayumba wewe mwenyewe mbele na nyuma polepole, unabonyeza pale mgongo unapopita kwenye ukali.

Picha ya arobaini na kitu, ikawepo. Kijiti kimesimama, kichwa chake juu, na mdomo umezama kwenye kikonyo cha ua.

Nikamwita mjomba, nikamkuzia kwenye kioo cha kamera. Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Huyu ndiye aliyekuwa anakula salfa yangu?"

"Hali salfa, mjomba. Salfa ilikuwa inampita."

Alikaa chini ya mkorosho kimya muda mrefu. Picha tuliituma kwa mtu wa utafiti wa korosho huko Naliendele, jioni jibu likaja: mbu, na aina ya dawa, na wakati wa kuipiga. Maua mengi yalikuwa bado hayajafunguka. Jirani wawili waliokuwa wakibisha mwaka jana walikuja kuiona picha wenyewe, mmoja akaniomba nikapite na kwake.

Usiku tukila ugali mjomba akaniuliza bei ya lenzi. Nikamtajia nusu. Akahesabu kwa kilo za korosho, midomo inacheza, nikaona amefika mahali na akasimama. Hakusema ni nyingi wala chache.

"Kesho kabla ya kuondoka," akasema, "lete hicho kioo chako kwenye mihogo. Kuna vinzi vyeupe chini ya majani."

Nzi weupe wana kama milimita moja. Kwenye lenzi yangu ya mishahara miwili watakuwa kinukta. Zile pete za Kariakoo nimeshazirudisha begini.