Kiwanja cha Tata Raphaël

Katika mji wa Kinshasa kuna kiwanja cha mpira chenye jina la padri. Watu wa kule hukiita Tata Raphaël. Tata, kwa Kilingala, ni Baba. Huyu Baba Raphaël alikuwa nani, hata kiwanja kikubwa namna hii kichukue jina lake?

Alikuwa Padri Raphaël de la Kethulle de Ryhove, wa Shirika la Scheut, mtoto wa ukoo wa wakubwa huko Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1890. Alifika Kongo mwaka 1917, vita kubwa ya Ulaya ingali inawaka, akawekwa Léopoldville kuwa mwalimu. Kila mwalimu anajua shida hii: somo likiisha, mchana ungali mrefu, na mji una mitego mingi. Padri huyu aliwapa vijana mpira. Lakini hakuwapa mpira na kwenda zake. Aliwaundia chama cha michezo. Mwaka 1936 akaanzisha timu ya Daring, ile ambayo leo yaitwa Motema Pembe. Na kabla ya hapo, mwaka 1925, aliwakusanya wanafunzi wa zamani wa Mapadri wa Scheut katika chama chao, kilichoitwa ADAPES. Jean Bolikango, mwalimu aliyeingia baadaye katika mambo ya siasa, alikiongoza chama hicho. Katika vyama vya namna hiyo Wakongo walijifunza kufanya mikutano, kutunza feza na kuchagua wakubwa wao. Kwangu mimi, kazi hiyo inapita magoli yote.

Tusifiche neno lingine. Siku zile Wazungu walikaa upande wao wa mji na Weusi upande wao, na michezo ilifuata mpaka uleule. Padri Raphaël alifanya kazi ndani ya mpaka huo, hakuuvunja. Wengine wanasema kwamba mpira ulitolewa ili vijana wasahau mambo ya utawala. Kama ndivyo, basi dawa hiyo haikufanya kazi, kama mtakavyoona.

Kiwanja kikubwa kilifunguliwa mwaka 1952, kikapewa jina la mfalme Baudouin. Padri alikufa mwaka 1956. Miaka mitatu baadaye, Siku ya Mungu, tarehe 4 Januari 1959, watu walikuwa wakitoka mle kutazama mpira. Siku hiyohiyo wakubwa walikuwa wamekataza mkutano wa ABAKO, chama cha Kasavubu, na wafuasi wake walikuwa wamekasirika. Makundi mawili yakakutana njiani. Fujo iliyotoka hapo iliua watu wengi, na mwaka uliofuata nchi ilipata uhuru. Wale waliolala njiani siku ile walikuwa watoto wa watu, na wengine walikuwa wamekwenda kutazama mpira tu. Tunapotaja uhuru, tuwaombee na hao.

Kisha jina la mfalme likaondoka. Kiwanja kikaitwa 20 Mai, kwa ukumbusho wa chama cha Mobutu kilichozaliwa tarehe hiyo mwaka 1967. Kwa jina hilo dunia yote ilikijua, maana ndimo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman, usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, katika mzunguko wa nane.

Mobutu alianguka mwaka 1997, jina la chama chake likafutwa, na kiwanja kikaitwa Tata Raphaël. Mtu aweza kushangaa: majina mengi ya Wabelgiji yaliondolewa, kwa nini hili lirudishwe? Nadhani jibu limo katika neno lenyewe. Serikali huweza kuandika jina la mfalme ukutani, au tarehe ya chama. Lakini Baba, mtu huitwa na wale aliowalea.

Kiwanja kingine cha Padri Raphaël, cha mwaka 1937, kiliitwa kwanza Reine Astrid. Leo hicho nacho kina jina la mtu wa Eklezya: Kardinali Malula, Mkongo wa kwanza kuwa askofu mkuu wa Kinshasa.