Kadi ya Benki Safarini: Makato Yasiyotajwa Jina

Kazi ya ukatibu wa msikiti haina mipaka. Tulichaguliwa kuandika mihutasari ya vikao na kutunza daftari la michango, lakini watu wakishajua kwamba mtu anaweza kusoma karatasi na kupiga hesabu, humletea kila karatasi waliyo nayo: mkataba wa kupanga nyumba, barua ya mirathi, hata majibu ya hospitali. Katika miaka ya karibuni, karatasi inayotufikia zaidi baada ya ndugu zetu kurejea kutoka Umra ni taarifa ya akaunti ya benki. Huletwa ikiwa imekunjwa mara nne, na anayeileta aghalabu huanza kwa kuinamisha sauti, kana kwamba ana aibu ya kuuliza fedha zake mwenyewe zimekwenda wapi.

Anayejiandaa kwa safari hiyo hupewa ushauri mmoja na kila amwonaye: usibebe fedha taslimu nyingi, beba kadi. Ushauri huo si mbaya. Msongamano wa Makka unajulikana, na mkoba ukipotea miongoni mwa watu wale ni nadra kuuona tena. Lakini wanaoshauri hawaongezi neno la pili, nalo ni kwamba mwenye akaunti ya shilingi anapoichomeka kadi yake katika mashine ya Madina hatoi riyali zake, bali ananunua riyali. Na kila kinunuliwacho kina bei na kina muuzaji.

Yupo bibi mmoja katika mtaa wetu, mjane, aliyeweka akiba kwa miaka mingi hata akajaaliwa kwenda Umra pamoja na mjukuu wake. Kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu, mjukuu ndiye aliyeshika kadi. Kijana yule ni mwangalifu. Alinunua kijidaftari na kuandika kila riyali iliyotoka, mpaka maji ya kunywa. Waliporejea, ami zake wawili walichukua kijidaftari wakakilinganisha na taarifa ya benki. Kijidaftari kilionyesha riyali 3,200. Kwa thamani waliyoijua wao, hizo zilikuwa shilingi 2,240,000. Benki ilikuwa imekata 2,372,400. Palikuwa na pengo la shilingi 132,400, na katika kikao cha nyumbani pengo hilo likapewa jina la kijana.

Hakujibizana nao. Aliacha tu kwenda kula kwa bibi yake, na sisi wa mwambao tunajua kwamba kukataa sahani ya nyumba uliyolelewa kuna uzito kuliko maneno makali. Bibi mwenyewe ndiye aliyetuletea karatasi, akasema: "Mwanangu, nisomee. Sitaki kufa nikiwa nimemdhania mjukuu wangu."

Tukakaa nayo jioni mbili. Tarakimu tunazozitaja hapa tumezisawazisha kidogo ili hesabu ionekane wazi, nasi tunaichukulia riyali moja kuwa shilingi 700. Kijana alitoa fedha katika mashine mara nne, riyali 500 kila mara. Benki ilikata shilingi 10,000 kwa kila mara, jumla 40,000, na hizi ziliandikwa waziwazi kuwa ni ada. Kama makato yangeishia hapo, ami zake wangeziona na neno lingekwisha. Zilizobaki, shilingi 92,400, hazikuandikwa popote. Zilikuwa ndani ya bei ya riyali yenyewe. Katika zile riyali 2,000 za mashine, kila riyali iliuzwa juu ya bei ya soko kwa asilimia 3.5, na hapo zikatoka shilingi 49,000. Katika riyali 400 za manunuzi madogo, kwa kiwango hichohicho, zikatoka 9,800. Na katika duka moja walikonunua vitambaa na zawadi za riyali 800, bei ilipanda kwa asilimia 6, zikatoka 33,600.

Tufafanue hayo yanavyotendeka. Benki zinapouziana fedha zenyewe kwa zenyewe zina bei yao, nayo ndiyo mtu aionayo akitafuta katika simu. Mitandao ya kadi kama Visa na Mastercard huwa na bei yake kwa kila siku, ambayo aghalabu haiwi mbali sana na hiyo. Kisha benki iliyotoa kadi huongeza asilimia yake juu ya bei ya mtandao, na mteja huletewa tarakimu moja tu ya shilingi, imekwisha kuchanganywa kama sukari katika chai. Hakuna mstari unaosema: hii ni thamani ya riyali, na hii ni faida yetu. Ndiyo maana mtu anaweza kuuliza benki, "Ada yenu ni kiasi gani?" akajibiwa shilingi elfu kumi, na aliyemjibu akawa hakusema uongo. Swali lenyewe ndilo lililomwachia nafasi. Aulize hivi: "Nikitoa riyali 500 leo, akaunti yangu itapungua shilingi ngapi kwa jumla?"

Lile duka la vitambaa lina kisa chake. Muuzaji alipochomeka kadi, kioo cha mashine kilionyesha kiasi mara mbili, kwa riyali na kwa shilingi za Tanzania, kikamtaka kijana achague. Akachagua shilingi, kwa sababu bibi alikuwa kila mara akimwuliza, "Kwa fedha ya kwetu ni kiasi gani?" Nani angemlaumu? Anayesafiri huona ile fedha yake katika nchi ya watu kama mtu aliyesikia lugha ya nyumbani. Lakini anayechagua fedha ya nyumbani huiondoa kazi ya kubadilisha mikononi mwa mtandao wa kadi na kuikabidhi kampuni inayohudumia mashine ya muuzaji, nayo hujiwekea bei yake, ambayo mara nyingi huwa ghali zaidi, na muuzaji naye huweza kupata fungu lake. Kuna benki ambazo hukata asilimia yao hata hapo, kwa kuwa malipo yamefanyika nje ya nchi. Kioo kikiuliza, jibu ni riyali. Mashine za kutolea fedha nazo huuliza swali hilo, wakati mwingine kwa maneno ya kupendeza kuhusu bei isiyobadilika. Jibu ni lilelile.

Jambo jingine lililowachanganya ami zake ni ujumbe wa simu. Siku ya kununua ulikuja ujumbe wenye kiasi fulani, na katika taarifa ya akaunti kikaonekana kiasi kingine kilichozidi kidogo. Benki huzuia kwanza fedha kwa makadirio, kisha siku mbili tatu baadaye, malipo yanapofika rasmi, hukata kwa bei ya siku hiyo. Mtu asiyelijua hilo atadhani mkono wa mtu umepita katikati.

Kwa wenye akaunti za dola, Saudia ina mizani nzuri ambayo ni nchi chache zilizo nayo. Tangu mwaka 1986 riyali imefungwa kwa dola, riyali 3.75 kwa dola moja, na bei hiyo haijabadilika hadi leo. Aliyetoa riyali 375 anapaswa kuona dola 100 zimetoka. Akiona 104, amekwisha kujua kwamba nne ni gharama, hata kama karatasi haisemi. Mwenye akaunti ya shilingi hana wepesi huo, maana shilingi hupanda na kushuka, lakini Benki Kuu huchapisha bei ya dola kila siku ya kazi, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kumgawia bibi yake kwa 3.75.

Katika kikao cha baada ya Isha tuliulizwa kama makato haya ni riba. Tulijibu kwa kadiri tulivyosoma chuoni, na mashekhe wetu waliokuwapo hawakutupinga. Fedha za nchi mbili ni jinsi mbili, na hadithi ya Ubada bin Saamit iliyomo katika Sahih Muslim inaruhusu jinsi mbili kubadilishwa kwa kiasi chochote walichoridhiana wenyewe, maadamu makabidhiano ni ya papo kwa papo. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lenye makao yake Jeddah lilikubali mwaka 1990 kwamba kuingizwa kwa fedha katika akaunti huhesabika kuwa ni makabidhiano, na katika kikao chake cha Muscat mwaka 2004 likaruhusu kununua fedha za kigeni kwa kadi ambayo mwenyewe ana salio linalotosha. Hivyo benki kupata faida katika kuuza riyali si haramu kwa asili yake. Kadi ya mkopo ni mlango mwingine. Anayetolea fedha taslimu kwa kadi hiyo amekopa, na asilimia inayotozwa juu ya mkopo, pamoja na riba inayoanza kuhesabiwa, haifichiki kwa mtu yeyote aliyesoma babu ya mikopo. Hiyo iachwe nyumbani.

Lakini neno "walichoridhiana" lina uzito wake. Bibi yetu aliridhia nini? Hakutajiwa bei. Muuza nazi wa sokoni akificha bei mpaka mteja afike nyumbani, tungemwita jina ambalo hatuliandiki katika gazeti la familia. Hatuoni kwa nini jengo lenye vioo na kiyoyozi lipewe jina jepesi zaidi. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zilizotolewa chini ya Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2019, zinamtaka mtoa huduma amweleze mteja gharama kwa uwazi. Mteja asiyeridhika huanza kulalamika kwenye benki yake, kwa maandishi, na asipopata jibu la kumtosha hupeleka malalamiko Benki Kuu.

Tukamwandikia bibi barua ya ukurasa mmoja, akaweka dole gumba. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Hawakurudisha fedha, lakini walikiri kwa maandishi kwamba asilimia ile ipo, na kwamba imo katika orodha yao ya tozo. Kwa bibi karatasi hiyo ilikuwa na thamani kuliko shilingi 92,400. Aliwaita wanawe wawili na mjukuu, akamtaka mkubwa wao aisome kwa sauti. Aliisoma mpaka mwisho, kisha akamwambia kijana, "Njoo tule."

Kundi jingine la mtaa wetu linaondoka mwezi wa Shaabani. Tumewashauri wanunue sehemu ya riyali hapa nyumbani mapema, baada ya kuulizia bei katika benki na maduka ya kubadilisha fedha yenye leseni yasiyopungua matatu, na wahifadhi risiti. Kadi waende nayo kwa dharura na kwa malipo makubwa, na wakitoa fedha katika mashine watoe nyingi mara moja kuliko kidogo mara nne, kwa sababu zile elfu kumi hukatwa kila mara. Benki ile tumeiomba orodha ya tozo kwa Kiswahili, tuibandike kwenye ubao wa msikiti karibu na ratiba ya swala. Mpaka tunaandika haya haijaletwa, na nafasi yake ubaoni bado iko wazi.