Hizo Herufi za Mwisho Ni za Nani?

Wasee, leo tuongee kuhusu .ke. Najua mnaona ni maneno ya watu wa kompyuta, lakini kama unakula kwa jina lako mtandaoni kama mimi, hii inakuhusu.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kilichoniuma zaidi ni imeli. Ilikuwa inaishia na .ac.ke, na watu wa matangazo wakiiona walikuwa wananijibu haraka, ati huyu ni msomi. Chuo kikaifunga bila hata kuniambia. Mazungumzo ya kazi mbili yakaenda nayo, manze.

Lakini sheria yenyewe naitetea. .ac.ke ni ya taasisi za elimu ya juu pekee, vile .go.ke ni ya serikali. Ingekuwa wazi kwa kila mtu, tapeli angefungua "chuo" Jumatatu, na kufikia Ijumaa mama yako ameshatuma karo. Mimi nagombana na walionifungia kimyakimya tu.

Sasa njoo kwa .co.ke. Huko anayewahi ndiye anayepata. Inasikika poa, sindio? Rafiki yangu mchoraji alipoanza kujulikana, jamaa asiyemjua akalipia jina lake la kisanaa, halafu akamwandikia: leta elfu thelathini. KeNIC, wanaosimamia .ke, wana utaratibu wa kusuluhisha kesi za majina. Yeye alikuwa hajawahi kuusikia. Akabadilisha jina kwenye kazi zake zote, hata fulana alizokuwa amechapisha.

Na hizi sheria hazikushuka na mvua. Mwaka 1993 .ke ilianza mikononi mwa watu wawili tu: Shem Ochuodho, Mkenya, na Randy Bush, Mmarekani. KeNIC iliichukua 2002, ndiyo wadau wa serikali na wa sekta ya intaneti wakae meza moja. Watu walikaa chini wakaamua, kwa hivyo watu wanaweza kukaa tena.

Angalia .org. Mwaka 2019 wenyewe walitaka kuiuzia kampuni ya wawekezaji kwa zaidi ya dola bilioni 1. Mashirika ya hisani yakapiga kelele, wengine wakaandamana hadi nje ya ofisi za ICANN kule Los Angeles, hao ndio husimamia mfumo mzima wa majina ya intaneti duniani. Aprili 2020 ICANN ikakataa. Biashara ikafa.

Hapa kwetu nataka kitu kimoja: ukichukua jina ambalo mtu tayari anajulikana nalo, kazi ya kujieleza iwe yako wewe uliyelipia. Mchoraji asitafutishwe ushahidi na mkoba mtupu. Lakini nani atayasema hayo kwenye hiyo meza, kama sisi tuko bize tukihesabu wafuasi?

Na kabla mniulize, ndiyo, langu la .me.ke nilishalilipia.