Mwongozo wa plagini za GIMP: kuandika ni siku moja, kutunza ni miaka

Ni kitambo sijaandika hapa, na baadhi yenu mmeniuliza nimepotelea wapi. Sijapotea. Kazi ya mchana ya kuandika programu inaendelea kama kawaida, lakini jioni na Jumamosi nimekuwa nikishughulika na ule mwongozo wa plagini za GIMP tunaoutunza watu wanne, wote kwa kujitolea. Leo nataka kueleza kazi hiyo ni ya namna gani, maana wengi hudhani ni kuandika. Kuandika ni sehemu ndogo sana.

Kwa wageni wa jambo hili: GIMP ni programu huria ya kuhariri picha. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na toleo la kwanza likatolewa kwa umma mwaka 1996. Haiuzwi. Ndiyo maana huku kwetu imewafaa vijana wengi wanaobuni kadi, mabango na fulana bila uwezo wa kulipia leseni kila mwezi. Plagini, au programu-jalizi ukipenda Kiswahili cha darasani, ni kipande cha programu kilichoandikwa na mtu mwingine, unachokichomeka ndani ya GIMP ili iweze jambo ambalo haikuzaliwa nalo. Chukua Resynthesizer. Unazungushia alama kitu usichokitaka kwenye picha, nayo inakiondoa na kuliziba pengo kwa kuiga yaliyo jirani. Ilikuwa ikifanya hivyo miaka kadhaa kabla Photoshop CS5 haijaleta uwezo kama huo mwaka 2010. Au chukua G'MIC, iliyotoka maabara ya GREYC mjini Caen, Ufaransa, ambayo huleta vichujio kwa mamia.

Shida ni kwamba mwandishi wa plagini mara nyingi ni mtu mmoja anayefanya kazi hiyo usiku, baada ya kazi inayomlipa. Anaandika msimbo mzuri, kisha anauwekea maelezo ya mistari mitatu. Simlaumu. Kwake mambo yote ni dhahiri, maana ameyatunga mwenyewe. Lakini kwa mtu aliyejifunza GIMP peke yake katika saiba, hiyo mistari mitatu ni kama kuambiwa "panda matatu ushuke pale kwa mti". Mti upi?

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Tunaiweka plagini kwenye mashine zetu, tunaijaribu, kisha tunaandika hatua kwa hatua.

Swali linalokuja karibu kila wiki ni hili: "Nimepakua plagini, nimeiweka, lakini haionekani kwenye menyu." Ni swali moja, lakini lina majibu kadhaa. Haya ndiyo ya kawaida:

1. Umeiweka kwenye folda isiyo yake. Faili inayoishia na .scm ni skripti, nayo hukaa kwenye folda iitwayo scripts. Ya .py au .exe ni plagini, hukaa kwenye plug-ins. Ukizibadilisha, GIMP haigombi wala hailalamiki. Inanyamaza tu.

2. Umefuata njia ya toleo lingine. Kwenye Windows, GIMP 2.8 ya mwaka 2012 iliweka mambo yake katika folda ya .gimp-2.8. Toleo la 2.10, la mwaka 2018, likahamia AppData, kisha Roaming, kisha GIMP, kisha 2.10. Toleo la 3.0 lina folda yake tena, na humo kila plagini lazima ikae ndani ya folda ndogo yenye jina lile lile la faili.

3. Uko kwenye Linux na hujaipa faili ruhusa ya kutekelezwa.

4. Plagini ni ya biti 32 na GIMP yako ni ya biti 64, au kinyume chake.

5. Plagini imeandikwa kwa Python 2 na GIMP yako haina Python 2.

Hilo la tano limetutoa jasho. Plagini nyingi za GIMP 2 ziliandikwa kwa Python 2, lugha ambayo waandalizi wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Kwenye Windows hukuhisi chochote, kwa sababu kisakinishi cha GIMP 2.10 kilibeba Python 2 yake ndani. Lakini Ubuntu 20.04 ilikuja bila sehemu hiyo. Basi ukurasa mmoja, maneno yale yale, ukawa kweli kwa jirani yako mwenye Windows na uongo kwako wewe mwenye Ubuntu. Hakuna aliyeugusa. Dunia ndiyo iliyosogea chini yake.

Nikaelewa kwamba maelezo ya programu hayafanani na kitabu cha historia. Yanafanana zaidi na mfereji wa maji shambani. Siku ya kuchimba watu huja wengi, wanapiga picha na kunywa soda. Miaka ya kuzibua matope hubaki wachache, na hakuna anayewaona mpaka siku maji yatakapokatika.

Halafu Machi 2025 ikafika, na GIMP 3.0 ikatoka. Tuliisubiri kwa miaka mingi na tuliifurahia kwa dhati. Python 3 imeingia, na athari nyingi unazoweka kwenye picha unaweza kuzirekebisha baadaye bila kuanza upya. Lakini namna plagini zinavyozungumza na GIMP imebadilika, kwa hiyo plagini za GIMP 2 hazifanyi kazi humo mpaka ziandikwe upya. Tulikuwa na kurasa zaidi ya sabini. Usiku ule nilizihesabu na kuwatumia wenzangu jumla. Mmoja akanijibu kwa neno moja: "Pole."

Ukawa mjadala wa wiki mbili. Wawili kati yetu walitaka kurasa za zamani zifutwe zote, tuanze na ubao safi. Hoja yao ilikuwa na uzito: maelezo ya zamani yanapotosha, na sisi hatuna mikono ya kutunza seti mbili. Mimi na mwenzangu mwingine tulikataa. GIMP 3.0 inahitaji Windows 10 au mpya zaidi, ilhali 2.10 inakubali hata Windows 7. Nendeni River Road mkachungulie tarakilishi zinazotoa mabango na kadi kila siku. Zipo ambazo zilinunuliwa zikiwa tayari mitumba, na mwenyewe hana mpango wa kuzibadilisha mwaka huu wala mwaka ujao. Ukifuta ukurasa wa 2.10 unamwacha mtu huyo gizani, kisa eti wewe umepata toleo jipya.

Mjadala ule ulimalizwa na ujumbe mmoja wala si kwa hoja zetu.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na nusu usiku. Dada mmoja mwenye duka dogo la uchapaji katika mji mmoja wa Bonde la Ufa aliniandikia: "Habari ya usiku kaka, samahani kwa usumbufu. Nimefuata yote mliyoandika lakini Heal selection haiko kwangu." Alikuwa akitengeneza kijitabu cha mazishi. Mnajua mambo hayo yalivyo huku kwetu. Mazishi ni Jumamosi, familia inataka vijitabu Ijumaa mchana, na picha pekee nzuri ya marehemu imekatwa kutoka picha ya harusi, ikiwa na mkono wa mtu mwingine begani. Familia ilitaka mzee abaki peke yake. Kazi hiyo hasa ndiyo ya Resynthesizer.

Nikamuuliza anatumia toleo gani. La 3.0. Nikamwomba anionyeshe ukurasa aliousoma. Maneno yalikuwa yetu, neno kwa neno, lakini yalikuwa yamenakiliwa na kuwekwa mahali pengine bila ule mstari wa kwanza unaosema "Maelezo haya ni ya GIMP 2.10". Aliyenakili aliona mstari huo ni pambo.

Plagini ile haingefanya kazi kwake usiku ule. Tukafanya kwa mkono, kwa zana ya Clone, ambayo ipo ndani ya GIMP yenyewe na haihitaji plagini yoyote. Unabonyeza Ctrl, unachagua kitambaa safi cha koti, unapaka juu ya vidole kidogo kidogo. Tulimaliza saa saba kasoro. Asubuhi alinitumia picha ya ukurasa wa mbele. Bega la mzee lilikuwa bega lake tu. Akaandika, "Mama amelia akasema ndiye."

Nilipowasimulia wenzangu, hakuna aliyezungumza tena habari ya kufuta. Swali likageuka: tuandikeje ili ukurasa ubaki mkweli hata ukikatwa kichwa? Tukakubaliana taratibu hizi, ambazo zinaweza kuwafaa ninyi pia mnaoandika maelezo ya programu yoyote:

Kwanza, namba ya toleo iingie ndani ya hatua zenyewe. Hatuandiki tena "fungua folda ya plug-ins". Tunaandika "katika GIMP 2.10, fungua folda ya plug-ins". Inachosha kusoma, najua. Lakini anayenakili aya moja sasa anabeba onyo pamoja nayo.

Pili, usimtajie mtu njia ya folda ikiwa programu inaweza kuitaja yenyewe. Nenda Edit, kisha Preferences, kisha Folders, kisha Plug-ins, na GIMP itakuonyesha mahali inapotazama kwenye mashine yako wewe. Maelezo ya namna hii huzeeka polepole.

Tatu, kila ukurasa uwe na tarehe ya kujaribiwa mara ya mwisho, na mfumo wa uendeshaji uliotumika. Tarehe ya kuandikwa haina faida kubwa. Msomaji anataka kujua ni lini mara ya mwisho mtu aliketi akaona inafanya kazi kwa macho yake.

Nne, mwisho wa kila ukurasa uwe na sehemu iitwayo "Ikikataa". Humo tunaeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa zana za GIMP yenyewe, hata kama itachukua saa mbili. Mtu mwenye kazi ya Ijumaa hana haja ya kujua kwa nini plagini imekufa. Anataka kumaliza.

Tano, kurasa za zamani hazifutwi. Zinahamishiwa kwenye rafu yao, zenye namba ya toleo katika jina la kila ukurasa.

Taratibu hizi zimekuwa na faida ambayo hatukuitarajia. Siku hizi watu wengi huuliza zile programu za akili bandia kabla ya kutafuta mwongozo. Nimeziona zikichanganya hatua ya 2.8 na folda ya 3.0 katika jibu moja, kwa lugha fasaha isiyo na wasiwasi wowote. Mashine hizo hujifunza kutokana na maandishi kama yetu. Kama maandishi hayasemi ni ya toleo gani, mashine itajuaje?

Liko jambo moja bado linanikosesha usingizi. GIMP ilikuwa na ghala lake rasmi la plagini, mahali ambapo kwa miaka mingi waandishi waliweka kazi zao pamoja na maelezo. Ghala lile lilifungwa miaka kadhaa kabla ya 3.0. Yaliyosalia yalisalia kwa sababu watu wa kujitolea walikuwa wamechukua nakala. Sasa kama ghala la mradi mkubwa namna ile, unaojulikana dunia nzima, lilifungwa, itakuwaje mwongozo wa watu wanne? Mmoja wetu amepata mtoto mwezi uliopita. Mwingine amehamia kazi nyingine na hujibu barua pepe baada ya wiki mbili. Nywila ya seva tunaijua wawili tu, na wote wawili huabiria matatu moja kila asubuhi.

Kwa hiyo tumefanya mambo mawili. Mwongozo wote sasa ni faili za maandishi matupu, hauhitaji hifadhidata, na mtu yeyote anaweza kuupakua mzima ukaingia katika kijiti cha USB. Na kurasa tumezigawa mafungu ya kumikumi, tukitafuta mtu wa kulea kila fungu. Kulea fungu ni hivi: mara moja kila miezi mitatu unafungua GIMP, unafuata hatua zote kama mtu asiyejua kitu, unabadilisha tarehe, na unatuambia palipokataa. Huhitaji kujua kuandika msimbo. Kwa kweli asiyejua ni bora zaidi, maana atakwama pale pale wasomaji wanapokwama.

Mafungu matatu yamepata walezi. Mmoja wao ni yule dada wa vijitabu. Amechukua fungu la kusafisha picha za zamani, na tayari ametutumia marekebisho sita, yote ya kweli. Manne bado hayana mtu. La plagini za kuandaa picha kwa matbaa ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu pale hatua moja iliyopitwa na wakati huharibu karatasi ya mtu, na karatasi ni pesa.

Ukiwa na GIMP ya toleo lolote na saa tatu kila miezi mitatu, niandikie. Nitakutumia fungu lako wiki hii hii.