Jani la Pugu na Mto wa Jangwani

Anayepita Jangwani mwezi wa Agosti, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo, huenda akaudharau Mto Msimbazi. Maji ni haba, meusi, yanajikokota katikati ya mchanga na taka. Akirudi Aprili, masika yakiwa yamekolea, huenda akakuta bonde lote limefurika na magari yamezuiwa. Mto ni ule ule, msimu ndio uliobadilika. Anayetaka kuuelewa hana budi kuufuata hadi unakoanzia.

Safari yenyewe si ndefu. Daladala ya Gongo la Mboto, kisha nyingine ya kuelekea Kisarawe, humfikisha msafiri kwenye vilima vya Pugu. Hapo ndipo Msimbazi unapochimbuka, na hapo ipo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani yetu.

Wakati wa kiangazi miti mingi hupukutisha majani, nayo hutanda ardhini na katika vijito. Vuli inapoingia, jani lililokauka hulowa, kuvu na bakteria hulilainisha, na wadudu wadogo wa majini hulitafuna. Wadudu hao ndio chakula cha samaki. Kisha kijito nacho hulipa deni: wengi wa wadudu hao huota mbawa, hutoka majini na kuwa riziki ya ndege, popo na buibui wa msituni. Watafiti wa Japani, Shigeru Nakano na Masashi Murakami, waliyapima mabadilishano ya namna hii katika kijito kimoja cha kisiwa cha Hokkaido. Mwaka 2001 walieleza kuwa ndege wa msitu ule walipata takriban robo ya chakula chao cha mwaka kutoka majini, na samaki wakapata asilimia 44 ya chakula chao kutoka msituni. Kila upande ulimlisha mwenzake katika msimu wa uhaba.

Majani yaliyotanda yana kazi nyingine pia. Huipokea mvua kwa upole, ikazama ardhini na kuchuruzika mtoni kidogo kidogo hata baada ya mawingu kuondoka. Miti ikikatwa kwa mkaa, mvua huipiga ardhi tupu, maji huteremka kwa pamoja, na udongo wa mlimani huja kuujaza mto huku bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Msitu peke yake usingeizuia mvua ile, na nyumba zilizojengwa bondeni na mitaro iliyoziba zilikuwa na sehemu yake. Lakini kilima kilichovuliwa miti huongeza uzito wa kila mvua.

Hata maji ya bomba yana msitu wake. Mto Ruvu, unaolinywesha jiji, huanzia kwenye milima ya Uluguru, Morogoro. Oktoba 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ukapungua, na mgao wa maji ukatangazwa. Msikitini kwetu tulinunua maji ya boza ili watu watawadhe.

Ndugu msomaji, mama anayenunua mkaa Kariakoo ana watoto wa kulisha, wala si yeye wa kulaumiwa peke yake. Hata hivyo kila familia ina la kufanya: kupunguza mkaa kadiri ya uwezo, kuzibua mtaro kabla ya vuli, kupanda mti na kuutunza hadi ushike. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Vuli ijayo, kabla mawingu hayajatanda, tuwapeleke watoto wetu Pugu wakaone Mto Msimbazi unakoanzia.